Mafuta Yangu na Cherehani ya Dirishani

Jumatatu, 3 Machi

Fundi mzee ameacha kazi leo. Cherehani yake ya dirishani iko wazi. Mwanga mtupu! Mimi miaka minane nashonea kwenye kona ya pasi, natunga uzi kwa kukisia. Shemeji naye anaitaka. Ni kaka wa mke wangu, na kazi hapa nilimtafutia mwenyewe, mjinga mimi. Tulibishana mpaka tukafika kwenye kusemana vitambi. Mama mwenye duka akachoka, akasema Ijumaa tupimwe, mwenye mafuta kidogo mwilini achukue dirisha. Nadhani alitania. Sisi tukapeana mikono.

Jumanne, 4 Machi

Nimekwenda jimu ya ng'ambo ya barabara. Mwalimu wa mazoezi ana njia tatu. Nikapimwa zote, nione ipi inanipenda. Mizani ya umeme: asilimia ishirini na tisa. Kibanio cha kubana ngozi: ishirini na tatu. Futikamba: ishirini na sita. Dakika kumi, tumbo lile lile! Nikamuuliza ipi kweli. Akasema zote zinakadiria, hata ile mashine kubwa ya hospitali, ila yenyewe hukosea kidogo zaidi. Nikamuuliza ipi hukosea kwa faida ya mteja. Akanitajia bei ya mazoezi ya mwezi.

Jumatano, 5 Machi

Kibanio nimekitupa. Shemeji kumbe alipita huko jana jioni, kimempa ishirini na moja. Nikahamia kwenye mizani. Inapitisha umeme mdogo miguuni. Maji huupitisha, mafuta huuzuia. Akili ikanijia. Nikanywa lita tatu, nikapanda.

Thelathini na moja.

Mwalimu akasema maji ya tumboni bado hayajaenda popote, mizani inayaona uzito tu na kuyahesabu mafuta. Alikuwa na maelezo zaidi. Sikuyasubiri, choo kilikuwa mbali.

Alhamisi, 6 Machi

Futikamba! Nilikuwa wapi siku zote? Hesabu yake inataka urefu, kiuno na shingo. Kiuno kikubwa, mafuta mengi. Shingo nene, mafuta kidogo. Sasa, futikamba yangu ya kijani ilichakaa kwenye ncha ya mwanzo, nikaikata sentimita mbili. Kila kipimo huzidi mbili, nami humpunguzia mteja kichwani. Hakuna anayejua. Kesho ya kijani kwa shingo, nyeupe mpya kwa kiuno. Nimemwambia shemeji tutumie futikamba, akakubali papo hapo. Maskini. Mke wangu ameniuliza kwa nini naichekea futikamba. Nikasema ni mambo ya kazi.

Ijumaa, 7 Machi

Siku mbaya. Mwalimu alikuja dukani na daftari. Shemeji akapimwa kwa futikamba yake mwenyewe, asilimia ishirini na tano. Zamu yangu. Kiuno kwa nyeupe, nikavuta pumzi, salama. Nikamkabidhi mwalimu ya kijani. Akaizungusha shingoni, akasoma arubaini na tatu. Ushindi! Na mdomo wangu, bila kuniuliza, ukasema: toa mbili.

Miaka minane ya wateja. Ulimi umezoea.

Shemeji akaichukua futikamba, akatafuta namba moja, hakuiona. Alicheka mpaka akakaa chini. Mwalimu akapima upya kwa nyeupe: ishirini na sita. Kisha akasema jambo lililoniuma kuliko yote. Tofauti ya moja si kitu, kipimo chenyewe hukosea tatu au nne, angetutangaza sare. Mama mwenye duka akasema sare tungepokezana dirisha wiki kwa wiki. Lakini kwa huyu fundi wa shingo, akasema, dirisha ni la shemeji mpaka mwisho wa mwaka.

Nyumbani mke wangu alikuwa ameshasikia. Alinipa chakula huku mabega yakimtikisika kwa kicheko. Naona aibu kweli.

Jumamosi, 8 Machi

Nimeshona mkono wa shati wa kushoto upande wa kulia, kwa sababu ya giza. Shemeji dirishani anapiga mluzi. Mwalimu kapita, akanishauri nichague njia moja, nijipime kila asubuhi saa ile ile, nijilinganishe na nafsi yangu, niachane na ya shemeji. Ushauri mzuri sana. Nimemshukuru.

Halafu nimemwomba mama mwenye duka tupimwe macho Jumatatu, asiyeona vizuri ndiye apewe mwanga. Amesema atafikiria. Mchana nimepita kwa mpima macho, nikanakili herufi zote za ubaoni. Nazikariri sasa hivi, nisije nikapatia hata moja kwa bahati mbaya.