Sahihi ya Zamani

Jumatatu, 3 Machi
Miaka arobaini na moja leo tangu nivuke mpaka. Mpwa wangu amepiga simu: dada amelazwa, moyo umechoka, daktari anampa wiki mbili, na kila asubuhi anauliza kama nimefika. Nahitaji kibali cha kuingia. Binti yangu anasema fomu hujazwa kwenye kompyuta, dakika kumi tu. Nimemjibu kwamba nilifundisha watoto wa watu mwandiko miaka kumi na tisa, siwezi kuomba kurudi kwetu kwa herufi za mashine. Nimejaza kwa kalamu ya wino. Mkono ulitetemeka kidogo ukurasa wa tatu. Si neno.

Jumatano, 5 Machi
Imekataliwa. Karani wa vibali alinigeuzia kompyuta yake nione sahihi yangu ya siku ile niliyoondoka. Mkia wake umekwenda kama umekatwa kwa wembe. Ya juzi, kando yake, ni uzi uliofumuka. Aliniuliza kwa adabu ni nani alinijazia. Nikasema mimi. Akasema hawa ni watu wawili. Nakubaliana naye, ila sikumwambia.

Alhamisi, 6 Machi
Mpango. Nakala ya kitambulisho changu cha zamani nimeibandika dirishani, fomu mpya juu yake, nikafuatisha sahihi polepole. Binti akaingia, akauliza nafanya nini. Nikasema nasafisha kioo. Akauliza, kwa kalamu?

Ijumaa, 7 Machi
Imekataliwa tena. Karani anasema hakuna binadamu anayetia sahihi mara mbili zikalingana hadi unywele. Nimeshindwa kughushi jina langu mwenyewe.

Kwenye benchi nilimkuta jirani yangu, muuza nyama. Tulitoka mtaa mmoja, mwaka mmoja. Hajui hata a. Mkwewe alimjazia kwa kompyuta, naye akabonyeza dole gumba kwenye kidude, kibali anacho mfukoni. Aliniinulia hilo gumba kama kombe. Weka dole, Mwalimu, alisema, Jumanne tuondoke wote. Karani naye akasema inawezekana, nitie alama tu kwenye kisanduku. Nilikisoma: mwombaji hajui kusoma wala kuandika. Nikamrudishia fomu.

Jumanne, 11 Machi
Muuza nyama ameondoka. Nimempa barua ampelekee dada, kurasa nne, kwa mkono wangu. Binti amekwisha kupiga chapa fomu nzima, limebaki dole. Kisanduku kimoja tu, baba, nani atajua? Nitajua mimi. Hasemi nami tangu hapo. Nimejaza daftari zima kwa mazoezi. Herufi ya kwanza inakaribia.

Jumamosi, 15 Machi
Dada amefariki alfajiri. Mpwa anasema barua waliipokezana wodini, hakuna aliyeweza kuisoma, hata daktari. Muuza nyama alikuwa amekaa kitandani pake. Dada akamshika mkono, akamwita kwa jina langu la utotoni. Muuza nyama akaitika.

Mjomba, mpwa akasema, alifurahi sana.

Jumatatu, 17 Machi
Binti amenieleza, kwa upole, kwamba dole bado linapokelewa, niwahi angalau kuliona kaburi. Nimemwambia asubiri. Herufi ya kwanza sasa imesimama barabara. Ya pili nayo haina ubaya. Nimeagiza wino mwingine, huu ni mzito, ndio ulioniharibia kazi tangu mwanzo.

Sitarudi.