Barabara ya Asilimia Mia

Asubuhi moja Mheshimiwa alikuwa amesimama kwenye kivuli cha ubao wa matangazo wa halmashauri ya mji, hana hili wala lile, anangoja jua lipungue makali. Watu walimwita Mheshimiwa kwa sababu ya sauti yake nzito na suti yake moja aliyoipiga pasi mpaka ikawa inang'aa magotini. Cheo hakuwa nacho. Hata shuleni hakuwahi kuchaguliwa kuwa kiranja.

Kwenye ubao palibandikwa karatasi mpya, na watu walikuwa wameizunguka. Ilikuwa taarifa ya maendeleo ya miradi ya usafiri. Stendi mpya ya mabasi: asilimia thelathini. Taa za kuongozea magari: asilimia hamsini na tano. Upanuzi wa Barabara ya Sokoni: asilimia arobaini, fedha za awamu ya kwanza zimepokelewa na kutumika ipasavyo. Mzee mmoja alisoma mstari huo kwa sauti, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akasema kwamba arobaini si haba.

Mheshimiwa aligeuka nyuma. Barabara ya Sokoni ilikuwa pale pale, hatua chache kutoka visigino vya mzee yule, na mashimo yake yote. Katika shimo kubwa kuliko mengine bata wawili walikuwa wanaogelea. Hapakuwa na jiwe lililosogezwa wala fundi aliyepita.

Hapo ndipo akili yake ilipowaka. Mji ambao watu wake wanaweza kuipa barabara mgongo wakashangilia ile ya kwenye karatasi, alijiambia, ni mji wenye neema. Na kama barabara inapanuliwa, lazima kuna ukuta wa mtu unaozuia njia.

Neema hiyo aliihitaji haswa. Kwa miaka kadhaa alikuwa analala kwenye kochi la dada yake. Shemeji yake alikuwa mtu mpole, lakini upole huo ulikuwa umeanza kuisha kwenye mikate ya asubuhi. Wiki hiyo hiyo dada yake alimkalisha chini na kumwambia bila kupepesa macho, "Kaka, nakupenda. Lakini mwezi ukiisha, kochi libaki kochi." Mheshimiwa alicheka ili asionekane ameumia, ila aliumia. Mtu mzima mwenye mvi mbili kidevuni, na hana mlango wa kuufunga mwenyewe. Aliapa kwamba safari hii atatoka pale akiwa na nyumba, si chumba cha kupanga, nyumba.

Kesho yake alionekana Barabara ya Sokoni amevaa kizibao cha njano kinachong'aa na kofia ngumu ya plastiki. Mbele yake alisimamisha miguu mitatu ya kamera iliyovunjika, aliyoipata kwa mpiga picha wa pasipoti, na juu yake amefunga darubini ya kuchezea watoto. Alichungulia, akaguna, akavuta tepu ya kupimia, akaguna tena. Kisha akachukua kopo la rangi nyekundu, akapiga X kubwa kwenye ukuta wa duka la vifaa vya ujenzi.

Mwenye duka, mtu mnene aliyejulikana mtaa mzima kwa jina la Saruji, alitoka na kikombe cha chai mkononi.

"Injinia, hii nini?"

"Barabara, mzee wangu. Mimi na duka lako hatuna ugomvi. Ramani ndiyo inayolitaka."

Saruji aliitazama X, akatazama chai yake, akaiona haina ladha tena. "Na hiyo ramani yako haiongei na watu?"

Mheshimiwa aliangalia kulia na kushoto, kwa uso wa mtu anayeteswa na dhamiri. "Inaongea," alisema. "Ila ina njaa."

Ramani ililishwa nyuma ya magunia ya saruji. Kabla ya adhuhuri ile X ilikuwa imefutwa kwa mafuta ya taa na kuhamia ng'ambo, kwa kinyozi. Kinyozi naye alikuwa na ulimi mtamu na akiba kidogo, na alasiri X ikahamia kwa fundi wa redio. Fundi wa redio akairudisha upande wa Saruji, nyumba mbili mbele. Ukizifuata zile alama, barabara mpya ya mji ilikuwa imepinda kama utumbo wa mbuzi, na magari yatakayopita humo yangehitaji dua.

Siwezi kusema kwamba Mheshimiwa hakuwa na huruma. Wajane aliwapunguzia bei.

Biashara ilipoanza kupungua, maana kila mwenye ukuta alikuwa ameshaongea na ramani, Saruji alimjia akihema. Alikuwa amenuna.

"Injinia, ile X yangu umeipeleka wapi?"

"Si nilikuondolea, mzee wangu?"

"Irudishe. Nimesikia kuna fidia. Wenye X watalipwa na serikali mpaka wachoke. Aliyebaki nayo anatembea kifua mbele kwa alama ambayo ilianza kwangu mimi."

Mheshimiwa aliweka kopo la rangi chini. Fidia hakuwa ameifikiria kabisa. Uvumi ulikuwa umejizaa wenyewe, labda kwenye kiti cha kinyozi, na sasa ulikuwa unamletea watu waliolipa ili waondolewe alama, waje kulipa zaidi ili warudishiwe. Alivaa sura ya msiba. Alieleza kwamba kurudisha X ni kazi ngumu kuliko kuiondoa, kwa kuwa wakubwa wameshaiona haipo. Saruji hakubisha bei. Aliomba tu ipigwe kubwa, na siku zilizofuata akajenga vyumba vitatu vya mabati nyuma ya duka, visivyo na watu wala madirisha, ili fidia ikija ivikute.

Basi, alikuwa anapiga rangi ya pili kwa fundi wa redio gari jeupe la halmashauri liliposimama nyuma yake. Alishuka afisa miradi mwenyewe, mwembamba, kiatu hakina vumbi, cheo chake kimeandikwa kwenye kitambulisho kifuani. Mheshimiwa aliacha brashi ndani ya kopo. Alifikiria kukimbia, lakini kofia ilikuwa imelegea, na mtu hawezi kukimbia kwa heshima huku ameshika kofia.

Afisa alitoa simu, akampiga picha. Akampiga nyingine kwa ubavu, darubini ikionekana. Kisha akampa mkono.

"Endelea na kazi, Injinia," alisema kwa upole. "Tulikuwa tunakusubiri."

Alimpeleka hotelini, akamwagizia chai na chapati, akamvisha kilemba cha ukoka mpaka kikafunika masikio. Alimsifu kwa mistari iliyonyooka, kwa kizibao, kwa jinsi alivyowatuliza wananchi. Mheshimiwa alikula chapati bila kuinua macho, kwa sababu sifa kutoka kwa mtu anayejua ukweli ni kitu cha kutisha. Halafu afisa akainama karibu na kushusha sauti. Fidia ni kweli, alisema. Fedha za wafadhili zimeshaingia. Na fidia nono kuliko zote ni ya ile nyumba kuukuu ya kwenye kona, ambapo barabara itapinda. Mwenyewe ni bibi kizee asiyejua lolote, na anaiuza.

"Ningeinunua mimi," alisema afisa, "lakini mtumishi wa umma akinunua, watu watasema. Nunua wewe. Hela ikitoka, nusu yako, nusu yangu."

Mtasema kwamba mjanja kama yule angeshtuka. Kwa kweli alikuwa tayari kushtuka. Kama afisa angempa siri ile bure, Mheshimiwa angekula kona kupitia mlango wa jikoni. Lakini afisa alitaka nusu, tena akaing'ang'ania nusu hiyo kwa ukali, na katika maisha yake yote Mheshimiwa hakuwahi kuamini kitu kwa haraka kama uroho wa mtu mwingine.

Bibi wa kwenye kona alikuwa mdogo wa umbo, mwenye miwani iliyofungwa uzi, na sasa alisema hataki tena kuuza. Marehemu mume wake aliijenga nyumba ile kwa mikono yake. Mheshimiwa alimwita mama, akamshika mkono, akamweleza kwamba serikali inakuja na greda na haitampa hata ndoo. Bibi alilia, na kila alipolia bei ilipanda kidogo. Mwishoni alikubali kwa shingo upande, akasema anafanya hivyo kwa kuwa kijana mwenyewe ana uso wa huruma. Ila aliomba achukue milango na madirisha, viwe ukumbusho wa marehemu. Mheshimiwa alitoa kila kitu alichokuwa nacho, mpaka cha soksini, kisha akashika bisibisi na kumsaidia kung'oa milango. Alijisikia mwema. Aliipiga nyumba X mwenyewe, ya kupendeza kuliko zote.

Jioni alimuaga dada yake kwa maneno makubwa. Dada alimkumbatia na machozi yakamtoka, na shemeji akambebea begi mpaka nje ya geti, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia.

Mwezi ulipoisha, karatasi mpya ilibandikwa kwenye ubao. Mheshimiwa alifika mapema, amevaa suti. Alisoma mara ya kwanza akadhani macho yana usingizi. Upanuzi wa Barabara ya Sokoni: asilimia mia, umekamilika. Fidia kwa wananchi wote imelipwa kupitia mhandisi mshauri. Na chini yake, kwa rangi, picha: yeye mwenyewe, kofia kichwani, jicho kwenye darubini, uso umekunjamana kwa elimu.

Aliingia ofisini kwa afisa miradi bila kubisha hodi. Afisa alikuwa anakunywa maji.

"Barabara iko wapi?" aliuliza Mheshimiwa.

"Imekamilika. Wafadhili wametuma salamu za pongezi."

"Na fidia ya nyumba yangu?"

"Nyumba ipi? Barabara imekamilika na nyumba yako bado imesimama. Maana yake haikuwa njiani." Afisa aliweka glasi chini taratibu. "Mama mkwe wangu anakusalimu sana. Ile nyumba ilimsumbua miaka, mvua yote ilikuwa inaingia ndani. Anasema una uso wa huruma."

Mheshimiwa alikaa kwenye kiti ambacho hakuna aliyemkaribisha kukikalia. Aliumia kuliko alivyoumia kwenye kochi la dada yake, na kilichomuuma zaidi ni kwamba kazi yenyewe ilikuwa safi. Kama angeifanya yeye, angejipongeza. Alijikaza, akasema ataenda kwa wakubwa, ataeleza kila kitu.

"Utaeleza nini?" aliuliza afisa, kwa sauti ya mtu anayetaka kweli kusaidia. "Kwamba wewe si injinia? Basi uliwapiga X watu kwa kazi gani? Au kwamba ni injinia? Basi fidia zao ziko wapi?"

Kwa swali hilo la pili afisa alikuwa amewatangulia wengine tu. Mheshimiwa aliporudi nyumbani kwake aliwakuta Saruji, kinyozi, fundi wa redio na nusu ya mtaa wamejaa sebuleni. Walikuwa wameshausoma ubao. Saruji alikuwa ameketi juu ya begi la Mheshimiwa, kwa kuwa kiti hakikuwepo, na alitaka kujua kwa heshima zote fidia yao imelipwa kwenye mfuko gani.

Mheshimiwa alisimama mbele yao. Alitafuta uongo, na kwa mara ya kwanza hakuuona hata mmoja. Kwa hiyo akawaambia ukweli wote. Kwamba yeye si injinia wala hajui kupima hata pazia. Kwamba darubini ni ya mtoto. Kwamba hakuna ramani, hakuna fidia, na barabara haikuwahi kuwepo.

Walimsikiliza kwa makini. Kisha kinyozi akatikisa kichwa kwa masikitiko.

"Injinia mzima," alisema. "Picha yako ina mhuri wa halmashauri, halafu unatudanganya sisi watu wazima."

Fundi wa redio aliongeza kwamba mtu asiye injinia hawezi kushika tepu vile. Mheshimiwa aliapa kwa mama yake. Aliwaomba. Hakupata hata mmoja wa kumwamini, yeye aliyewauzia watu hawa hawa ukuta wao wenyewe mara mbili.

Saruji ndiye aliyekata shauri. "Fidia umekula. Barabara imeandikwa mia, na mimi bado naruka mashimo. Chagua, Injinia: polisi, au koleo."

Alichagua koleo. Saruji alimkopesha moja kwa bei ya rejareja, pamoja na mifuko ya saruji na lori la changarawe, vyote kwa mkopo. Asubuhi iliyofuata Mheshimiwa alianza kujaza lile shimo kubwa, suti imekunjwa mpaka magotini, bata wamesimama kando wakimlalamikia. Mtaa ulileta viti kumwangalia. Walimkosoa sana, na walimletea maji ya kunywa.

Alikuwa ameshafika shimo la tatu lile gari jeupe liliposimama. Afisa miradi alishuka, akatazama kazi, akapigapiga changarawe kwa ncha ya kiatu. Akatoa simu.

"Injinia, sogea huku kidogo, jua lisikuharibie sura."

Na Mheshimiwa, kwa mazoea tu, akaweka sawa kola ya suti na kuinua kidevu.

Wiki ile ile ubao ulipata karatasi nyingine. Matengenezo ya kudumu ya Barabara ya Sokoni, ilisema, yameanza na yamefikia asilimia kumi. Tangu ubao ule usimamishwe pale, hiyo ndiyo iliyokuwa namba ya kwanza ya kweli.