Vikaratasi Tisa vya Injini

Jumatatu, 3 Machi
Nimechemsha tena ubaoni. Mara ya pili! Mhadhiri wetu wa hesabu za uwezekano ana kopo la maziwa lenye vikaratasi sitini, kila mwanafunzi na namba yake. Anachomoa, anakuita, unakokotoa mbele za watu, kikaratasi kinarudi koponi. Ukikosea mara tatu, mtihani huufanyi. Na mjomba alishasema: nikifeli, narudi kwake kushona sare za shule. Maisha yangu yote kwenye pindo!

Injini, mwenzangu wa chumba na wa darasa (jina kalipata kwa kukoroma), kaniambia nisome tu, ndugu yangu. Kusoma! Halafu kaenda kuoga na sabuni yangu.

Jumanne, 4 Machi
Nimepata! Kutoa kikaratasi changu ni wizi. Kuongeza vya mwenzio ni ukarimu. Nimekata tisa vya Injini, namba kumi na mbili, kwa mkasi wa meno aliouacha kwangu mjomba. Sina mwingine, ndio huo natilia viraka suruali za bweni zima. Mchana darasa tupu, kopo mezani. Rahisi kama kumsukuma mlevi.

Alhamisi, 6 Machi
Kumi na mbili! Kidogo tena, kumi na mbili! Injini kaenda ubaoni mara mbili, kapatia zote. Makofi. Yule binti wa kiti cha mbele kamwomba amfundishe. Amfundishe! Nilitaka kumchoma, nimempaka mafuta.

Lakini mimi sikuitwa. Ngozi yangu nzima.

Jumanne, 11 Machi
Balaa. Kumi na mbili mara tatu. Mhadhiri kaweka chaki chini. Kasema leo tuone hesabu hizi zinavyofanya kazi mtaani: hivi ndivyo wakaguzi wanavyonasa wezi bila kumwona mtu akiiba. Kamwambia Injini akokotoe, bahati tupu ingeweza kufanya hivi? Ikatoka sifuri, nukta, masifuri kibao. Basi mhadhiri akamwaga kopo. Vikaratasi sitini, kingo zimenyooka. Tisa vina meno kama msumeno. Akauliza taratibu, nani humu ana mkasi wa fundi cherehani.

Darasa zima likanigeukia. Hata niliowatilia viraka bure! Wasaliti.

Kasema hanifukuzi, ananipa swali. Kwenye kopo hilihili, uwezekano wa kuchomoa kikaratasi cha haramu ni upi? Injini akaninong'oneza: chini weka sitini na tisa, kaka, sitini na tisa. Aa, wapi! Mtu niliyemchezea rafu anisaidie? Nikajibu kwa sauti ya kiume: tisa juu ya sitini!

Tatu hiyo.

Jumatatu, 17 Machi
Kwa mjomba. Kanipokea kwa neno moja: kaa. Cherehani yangu iko mlangoni, vumbi lote langu. Kazi inayokimbiwa hapa ni kola, na kila asubuhi mjomba anachomoa majina kofiani kujua nani azishone kati yangu, binamu na mafundi wengine. Kofiani! Masikini mzee wa watu, uwezekano hakuusomea.

Njiani nilijihoji sana, na kosa langu nimelikubali kiume. Ilikuwa tamaa. Tisa vilizidi.

Binamu nimemwongezea sita tu.