Ombi la Kuondolewa Nyumbani Kwangu

Kwa Mzee Mwenyekiti na Wazee wote wa Baraza,
Kanisani.

Wazee wangu wapendwa, Bwana Yesu asifiwe.

YAH: LIKIZO YA LAZIMA NILIYOPEWA, NA MATESO NINAYOYAPATA NDANI YAKE

Baada ya salamu, mimi ni yule yule Mchungaji wenu wa Vijana, mzima wa mwili, mgonjwa wa mambo mengine nitakayoyaeleza. Naandika nikiwa kwenye meza ya chakula ya nyumbani kwangu, mahali ambapo mlinipeleka kwa barua yenye muhuri, mkasema nisionekane kanisani mpaka shule zifunguliwe. Nimekaa. Wiki imepita. Nimeona niseme mapema kabla sijaharibika.

Mnanifahamu. Shule niliiacha njiani, au tuseme yenyewe ndiyo iliyoniacha, lakini dunia nimeisoma yote nikiwa utingo wa malori, kabla Bwana hajanishusha. Nimelala mipakani, nimebembeleza madereva walevi, nimesukuma tela kwenye tope huku naimba. Mtu wa namna hiyo hashindwi na vijana wa kanisa. Likizo hii ndefu peke yake, kabla hamjanisimamisha, nilifungua kambi, nikaendesha semina ya mabinti, semina ya wavulana walionuna kwa sababu mabinti wamepata semina, mashindano ya kwaya, ligi ya mpira, ziara ya hospitali, na harusi ya vijana wangu wawili walioniomba niwe mshauri, mshereheshaji na dereva. Nyumbani nilikuwa napita kubadilisha shati. Ninyi wenyewe mlikuwa mkisema, huyu ana moto. Sasa moto mmeumwagia maji, halafu mnauambia upumzike.

Malalamiko nimeyapanga kwa namba, maana mama watoto ni mwalimu wa darasa la pili, na kwake kazi isiyo na namba hurudishwa kwa mwenyewe.

1. Kuhusu kosa lenyewe. Mnakumbuka siku ya kilele cha mkutano wa vijana. Roho alikuwa ameshuka, kinanda kinalia polepole, na mimi nikasikia neno ndani yangu. Nikasema kwenye kipaza sauti, "Kijana yeyote ambaye baba yake hana muda naye, asione haya. Aje hapa mbele. Leo amepata baba." Wakaja. Mstari ukafika hadi mlangoni, na mimi mstari mrefu hunipa nguvu. Nikaanza kuwawekea mikono mmoja mmoja, macho nimefumba, kama ilivyo desturi yangu. Nikafika kwa mmoja mwenye nywele zilizosukwa vizuri, mistari imenyooka chini ya vidole vyangu. Nikamuuliza kwa upole, "Unaitwa nani, mwanangu?" nikamsogezea kipaza sauti. Akanitajia jina. Ni jina la marehemu mama yangu. Nililichagua mimi mwenyewe, nikambishia mkwe wangu mpaka nikashinda.

Mtu mwenye akili angefumbua macho akanyamaza. Mimi nina kipaji. Nikasema, "Kanisa, tumwombee baba yake, popote alipo." Na kanisa zima likaitikia amina. Mzee Mwenyekiti, amina yako niliisikia. Ilikuwa ya nguvu kuliko zote.

Sikatai kwamba binti yule ni wangu. Ninacholalamikia ni utaratibu. Idara ya vijana inaanzia miaka kumi na mitatu. Binti yangu ana kumi na miwili. Wahudumu wa mlangoni walikuwa wapi? Kama wangesimamia umri, saa hizi ningekuwa kambini napiga makofi, na tatizo lingebaki nyumbani, mahali pake.

2. Nyumba mliyonipeleka haina uongozi. Nilifika nikakuta watu wanaamka wanavyotaka. Mmoja anakunywa chai, mwingine bado anaoga, wa tatu yuko uvunguni na paka. Hakuna ratiba ukutani, hakuna kiongozi wa zamu. Kesho yake alfajiri nikapuliza filimbi ya kambini. Mama watoto alitoa mkono chini ya shuka, akaichukua filimbi ile bila kufumbua macho, na mpaka leo sijui ilipo.

Sikukata tamaa. Nikawagawa kwenye makundi mawili, Tai na Simba, ili kuleta ari. Tuko wanne: mama watoto na kitinda mimba wakawa Tai, mimi na binti tukawa Simba. Binti akaomba kwa adabu kuhamia Tai. Nimebaki Simba peke yangu. Mimi ndiye mwenyekiti, mimi ndiye katibu, mimi ndiye mwanachama, na vikao vyetu haviendi vizuri.

3. Mezani. Hapa naomba mnihurumie, maana mazoea yana taabu. Siku ya kwanza chakula kilipokuwa tayari nikasimama nikasema, "Mgeukie jirani yako, mwambie: jirani, leo ni siku yako." Kitinda mimba akamgeukia mama yake. Mama watoto akageukia sufuria akasema, "Jirani, mwambie huyu mtumishi mboga inapoa." Tukala. Tulipomaliza nikafunga kwa neema, na kabla sijajua ninalofanya nikawa nimeshasimama mlangoni nawapa mikono mmoja baada ya mwingine, "Mbarikiwe, karibuni tena." Kitinda mimba alishika mkono wangu akaniangalia kutoka chini, akauliza, "Baba, unaenda wapi tena?"

Sikuwa naenda popote. Nikafunga mlango.

4. Kikombe. Nimepewa kikombe cha wageni. Kile chenye maua, kinachokaa juu ya kabati. Nikauliza changu kiko wapi, ikaonekana sina. Taulo vilevile. Nilipotaka kuwasha taa ya jikoni nikawasha ya nje, majirani wakatoka kuangalia kuna nini. Baba mwenye nyumba anaelekezwa sukari ilipo na mtoto asiyejua kufunga vifungo vya shati lake.

5. Sasa nafika kwenye lalamiko kubwa, na hili naliandika taratibu. Binti yangu ananiheshimu kupita kiasi. Asubuhi ananisalimia kama anavyomsalimia mkuu wa shule. Nikiingia sebuleni anasimama, ananipisha kiti kizuri, anauliza kama feni inanifikia. Nikisema leo ni Jumanne wakati ni Jumatano, anasema, "Sawa, baba." Wazee wangu, mimi nimefanya kazi na vijana miaka mingi. Kijana anayekubishia, huyo bado yuko na wewe. Anayekupigia kelele na kubamiza mlango, mshukuru Mungu, mlango ule ataufungua. Lakini mtoto wa miaka kumi na miwili asiyembishia baba yake hata siku ya wiki, huyo ameshafunga virago kimoyomoyo. Ningeletewa kesi hii ofisini ningewaambia wazazi, fanyeni haraka.

Nimejaribu mbinu zangu zote. Nilimwita tukakaa nje kwenye viti viwili, nikaegemea mbele kidogo kama tulivyofundishwa kwenye mafunzo, nikamuuliza, "Mwanangu, unapitia changamoto gani katika rika lako?" Akafikiri, akanijibu, "Hakuna, baba. Nashukuru kwa kuniuliza." Nikamwimbia ule wimbo wa kambini wenye vitendo. Akapiga makofi mwisho, matatu, ya kistaarabu. Nikasimulia ile habari ya lori lililokatika breki mlimani nikiwa juu ya mzigo, habari ambayo imeokoa wavulana wasiopungua ishirini. Akasema ameshawahi kuisikia, kwenye spika za kanisa, akiwa nyumbani anaosha vyombo.

Sina mbinu nyingine. Zilizobaki zote zinahitaji moto wa kuni na watu mia moja.

6. Mama watoto ananiambia nikae. Hilo ndilo agizo lote. Nikasafisha stoo, nikapanga viatu kwa ukubwa, nikaanza kukata ua wa jirani. Akaniita ndani. "Kaa." Nikamuuliza, "Nikae nifanye nini?" Akasema, "Ukae." Nikauliza ajenda. Akasema, "Ajenda ni makalio kwenye kiti, baba watoto. Wenzako wanaweza, na hawajasomea." Huyu ni mwanamke aliyevumilia mengi, sitamsema vibaya kwa maandishi. Lakini mtu wa vitendo kumwambia akae ni kama kumwambia jogoo asubiri kuulizwa saa.

7. Kambi inaendelea vizuri. Sijui nani amewaruhusu. Yule dada mpiga kinanda mliyemkaimisha ofisi yangu alinitumia ujumbe, "Tuko salama mchungaji, pumzika." Hakuna aliyelia. Hakuna aliyepotea. Mechi za ligi zinaanza saa iliyotangazwa, jambo ambalo enzi zangu halijapata kutokea, na naliona kama dharau. Juzi nilitoka kununua kiberiti, nikajikuta nyuma ya uzio wa kanisa, sielewi kwa njia ipi, maana duka liko upande wa pili. Mpiga kinanda akaniona kupitia matundu ya tofali. Akawaambia vijana wageuke. Wakageuka wote, wakanipungia mikono, wakasema kwa pamoja kama shairi, "Mchungaji, rudi nyumbani." Hawa ni watoto niliowafundisha mimi kusema kwa pamoja.

Kutokana na hayo yote, wazee wangu, naomba mojawapo ya yafuatayo:

(a) Likizo yangu ifutwe mara moja na nirudishwe kambini, hata kama ni kuosha masufuria.

(b) Ikishindikana, nyumba yangu isajiliwe kuwa tawi la idara ya vijana. Hapo nitakuwa nimetumwa, si nimefukuzwa. Nipewe kipaza sauti kidogo, ubao, na mtu wa kinanda wa kupiga polepole ninapozungumza na binti yangu, kwani bila kinanda maneno yangu yanaonekana yalivyo.

(c) Ikishindikana hiyo pia, mniteue kuwa mhubiri mgeni nyumbani kwangu. Kikombe tayari ninacho.

(d) Na kama yote hayawezekani, baraza limtume mzee mmoja aje akae hapa badala yangu. Ninyi mnajua kukaa. Nimewaona kwenye vikao. Mzee Mwenyekiti, wewe ni fundi seremala, wajukuu wanakuzunguka wakichezea maranda na hata husemi nao, unapiga randa tu, wala hawaondoki. Njoo ufanye hivyo hivyo hapa. Binti yangu anahitaji mtu wa aina hiyo. Mimi nitakwenda kulala karakanani kwako, nitalinda mbao.

Naamini ombi langu litatazamwa kwa jicho la huruma. Nimeandika bila hasira, ila pale nilipotaja filimbi.

Nisalimieni wake zenu, wahudumu wa mlangoni (pamoja na hayo niliyoyasema juu yao), wapishi wa kambi, mlinzi wa geti na mbwa wake, na mpiga kinanda, mwambieni nimemsamehe. Vijana wote wasalimieni mmoja mmoja, kwa majina. Nayajua yote.

Ni mimi mtumishi wenu niliyehifadhiwa nyumbani,

Mchungaji wa Vijana

Nyongeza: Barua hii nilikuwa niilete kwa miguu yangu baada ya chakula cha mchana. Nilikuwa nimekaa kidogo tu kwenye ngazi za nyuma nasubiri jua lipungue, sina la kufanya, sina la kusema, nimeishiwa kabisa. Binti akaja na bakuli la maharage ya kuchambua, akakaa ngazi ya chini yangu. Tukachambua. Baadaye, bila kuulizwa, akaanza kunieleza habari ya rafiki yake mmoja wa darasani, na mkanda wa nywele ulioazimwa ukarudishwa umekatika. Sasa tumefika kwa wasichana saba, wote wamenuniana, na mmoja amehama dawati. Nilijaribu kuingiza mstari wa Maandiko mahali palipofaa sana. Akasema, "Ngoja kwanza, baba, unachanganya watu. Huyo si yule wa mkanda." Nikangoja. Sijui mimi ni nani katika jambo hili, ila nimeshika bakuli.

Kwa hiyo naomba ombi langu likataliwe, lote, kuanzia (a) mpaka (d). Mkilikubali nitakata rufaa. Na likizo iongezwe, kwa sababu nikiwaangalia hao wasichana, hawapatani mwezi huu. Nilitaka kuichana barua, mama watoto akaninyang'anya, akaniachia karatasi ya nyongeza tu. Amesema ataileta mwenyewe Jumapili, wazee nao wanastahili kucheka.

Naandika haraka. Binti ameingia ndani kunywa maji, na ameniambia, "Usiondoke, baba, bado sijafika penyewe." Namsikia anarudisha kikombe.