Uso Mpya wa Karina

Jumamosi, 10 Agosti 2024

Leo nimetukanwa nyumbani kwangu, tena kwa adabu. Zimebaki siku saba Doriane aolewe. Doriane ni mtoto wa marehemu kaka yangu. Nimemlea tangu tulipotoka Burundi, akiwa bado analala mgongoni. Na mimi nina gari! Kambi nzima ya Rubondo, hapa Uganda, inajua. Karina wangu, mweupe wa zamani, hubeba watu kwenda Mbarara, na mara nyingi wanafika. Sasa mke wangu Cansilde ananiambia, huku akichambua mchele, kwamba bibi harusi atapelekwa kanisani na gari la Bonaventure.

Bonaventure! Mkongomani wa Fizi, dereva mwenzangu, mtu wa kutabasamu asubuhi hadi jioni kama anayesubiri kupigwa picha.

Nikasema ni uamuzi mzuri sana. Nikatoka nje kabla uso wangu haujasema vingine.

Nimekwenda kulitazama gari lake. Kisha nikarudi kumtazama Karina, kwa haki, bila upendeleo. Tofauti nimeiona mara moja: grili. Ule wavu wa mbele, kati ya taa mbili, ambao ndio mdomo wa gari. Wake unang'aa mpaka unaweza kunyolea ndevu. Wangu umepauka na fito mbili zimeshajiendea. Basi ni hilo tu. Si breki, si viti, si ule mlango unaofungwa kwa kamba. Ni grili.

Nitambadilisha Karina uso mwenyewe, hapahapa nyumbani. Doriane atauona siku ya harusi na atabadili mawazo mlangoni. Sijamwambia mtu.

Jumapili, 11 Agosti

Baada ya misa nimetazama video kwenye simu. Jamaa mmoja, mikono safi, anang'oa grili kwa dakika nne. Bolti mbili juu, klipu za plastiki chini, unavuta, kwisha. Hata fundi hahitajiki. Mafundi wanakula jasho la watu bure.

Bolti ya kwanza ilitoka. Ya pili ilikuwa na kutu, nikaibembeleza kwa nyundo. Klipu zilikuwa saba. Zote zimetoka, kwa maana ya kwamba zote zimekatika. Moja iliruka ukuta na kutua kwenye sufuria ya maharage ya jirani, Mzee Barnabé. Aliirudisha ikiwa imeoshwa. Mzee huyu ananiudhi kwa upole wake.

Grili nayo imepasuka katikati, na bampa limeteremka upande mmoja. Nimelifunga kwa waya. Zilikuwa zimepita saa nne nzima, si dakika nne. Yule jamaa wa video ni mwongo.

Cansilde ameuliza kwa nini beseni lake la kufulia lina meno ya gari. Nikamwambia ni huduma ya kawaida.

Jumatatu, 12 Agosti

Grili ya zamani haifai tena. Heri! Nani anataka mambo ya zamani? Magari ya wakubwa siku hizi yana wavu mweusi wa vitundu vidogo. Nimezunguka Rubondo nikitafuta wavu wa namna hiyo. Nimeupata, na wala haukuwa mbali: mlango wa banda letu la kuku.

Nilifikiri kwa makini. Kuku mchana hawafungiwi. Mlango wao unafanya kazi usiku tu, kwa hiyo nusu ya maisha yake ni uvivu. Nikaukata kwa mkasi wa bati, nikaukunja kwa koleo, ukakaa sawasawa. Karibu sawasawa. Upande wa kushoto umezidi kidogo, lakini nani hutazama upande wa kushoto?

Jioni Mzee Barnabé amekuja na kuku mmoja kila kwapa. Amesema wengine bado wako kwenye viazi vyake na anaomba msaada. Cansilde amekwenda kuwakamata. Mimi nilikuwa na kazi.

Jumanne, 13 Agosti

Rangi. Nimepiga msasa, nimefuta vumbi, nimepulizia rangi nyeusi ya kung'aa. Wa kwanza kuukubali wavu wangu alikuwa vumbi la kiangazi, lote. Nikafuta, nikapulizia upya. Nikautundika kwenye kamba ya nguo, juu, mbali na kuku.

Upepo haukuniuliza. Umeubeba wavu na kuubandika kwenye imvutano ya Cansilde, ile nguo ya sherehe aliyoifua kwa ajili ya harusi. Ya rangi ya maziwa. Sasa ina vitundu vyeusi, mgongoni, vimepangwa vizuri sana.

Nikamwambia kwamba kwa mbali ni kama ua. Ameitazama nguo, amenitazama mimi, akaenda kumsaidia Doriane kumenya ndizi. Nimeoa mwanamke anayeweza kukupiga kwa ukimya. Nimejipikia chai mwenyewe.

Jumatano, 14 Agosti

Mbarara, kutafuta nembo. Uso bila nembo ni uso bila pua.

Nimekwenda bila grili, kwani rangi haijakauka. Njiani, pale Masha, polisi akanisimamisha. Alizunguka mbele ya gari, akainama, akainuka.

"Wewe ssebo, hii gari mdomo yake iko wapi?"

Nikamwambia iko nyumbani, inakauka. Akamwita mwenzake aje aone. Mwenzake akacheka mpaka akashika goti, kisha akaniuliza kama hii gari inakula nyasi au inakunywa tu. Wakapiga picha. Wakaniachia bila hata kuuliza leseni. Sijui kama huo ni ushindi, ila nauandika hivyo.

Katika mtaa wa Nyamityobora nimempata muuza vipuri, mama mmoja anaitwa Anne. Nilipomweleza, akaingia nyuma ya duka akatoka na grili ya Karina. Nzima, ya asili, ina klipu zake zote saba. Akasema ndiyo hii, ifunge, uende harusini na amani. Nikacheka kwa huruma. Mama, grili kama hiyo kila mtu anayo! Nikamwonyesha ninachokitaka: kichwa cha simba, cha kung'aa, kikubwa kama sahani ya wali, kimekaa rafu ya juu kabisa pamoja na buibui. Akaniuliza mara mbili kama nina hakika.

Nimefika nyumbani. Doriane ameuliza kwa upole kwa nini nimenunua mbwa.

Alhamisi, 15 Agosti

Sikukuu ya Kupalizwa Mbinguni Maria. Asubuhi misa, mchana kufunga grili. Bolti mbili zimebaki moja. Mahali pa klipu nimetumia gundi. Simba naye kwa gundi, tyubu nzima.

Kasoro moja: vitundu vinaonyesha rejeta kwa nyuma, na rejeta ya Karina si kitu cha kuonyesha wageni. Ina kutu, ina panzi wa mwaka juzi. Nikaweka plastiki nyeusi nyuma ya wavu, nikaikaza pande zote. Maridadi! Mweusi tii, simba katikati.

Bonaventure akapita. Akashuka, akasalimia, akatazama muda mrefu. Tabasamu likapungua.

"Ndugu Ladislas, iko muzuri mingi. Lakini upepo ya rejeta itapitia fasi gani?"

Wivu ni ugonjwa. Nikamwambia upepo una akili, utajua pa kupita.

Ijumaa, 16 Agosti

Jaribio. Nimemwendesha Karina kutoka nyumbani hadi kisimani. Watoto wamekimbia nyuma wakimwita simba. Akina mama wameacha madumu. Hakuna kilichoanguka. Nimezima, nimerudi. Mwendo wa dakika mbili, mafanikio kamili.

Lakini Doriane bado hajabadili mawazo. Amepita mbele ya gari mara nne leo akiwa na mambo yake ya harusi na hakusema neno. Moja tu, kwamba simba amepinda.

Kwa hiyo nimelazimika kusaidia bahati. Nimemtumia Bonaventure ujumbe: Bibi harusi atatoka saa tano, si saa tatu. Asante kwa ushirikiano. Si uongo. Ni ratiba iliyochelewa.

Jumamosi, 17 Agosti

Naandika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia umeungua.

Saa tatu, Doriane yuko mlangoni kwa gauni jeupe. Amefanana na kaka yangu mpaka nikajifanya natafuta ufunguo. Bonaventure hayupo. Cansilde, amejifunga imvutano ya kuazima, anatazama barabara. Watu wanatazama saa. Nikafungua mlango wa Karina kama balozi. Nikasema tusimcheleweshe padri.

Kanisa la parokia liko ng'ambo ya kilima kirefu. Tumekwenda vizuri hadi chini ya kilima. Katikati ya kilima mshale wa joto ukapanda. Nikaugonga kwa kidole, haukushuka. Kisha harufu ya plastiki. Kisha moshi mweupe, tena mwingi, na ndani ya moshi nikamwona simba akiondoka. Gundi ilikuwa imeyeyuka. Ameteleza kwenye bampa, amedondoka, tumempita juu. Karina akakohoa, akanyamaza.

Nikafungua boneti. Nikafungua na kifuniko cha rejeta, jambo ambalo kila dereva anawakataza abiria wake. Hapo ndipo mkono ulipoungua.

Vumbi, jua, mbuzi watatu, bibi harusi. Amesimama kando ya barabara ameshika gauni lisiguse chini. Ningependa anitukane. Cansilde alikuwa anaongea kwenye simu, na nikasikia jina la Bonaventure, kisha nikasikia saa tano, kisha akageuka kunitazama. Sitaki kuandika niliyoyaona machoni mwake.

Bonaventure amefika haraka, shati halijafungwa vifungo, riboni zinapepea upande mmoja tu. Amenimwagia maji mkono kutoka kwenye dumu lake, taratibu, kama anamwagilia mche. Akafungua mlango wa nyuma kwa bibi harusi.

Nikasema waende, mimi nitabaki na gari langu. Doriane akaingia, akakunja gauni, akaacha nafasi.

"Baba mdogo, ingia."

Nikasema nani atamlinda Karina. Akasema Karina hakuna atakayemwiba. Kisha akasema, wala hakupaza sauti:

"Ulifikiri nilimwomba Bonaventure kwa sababu ya gari? Ungeendesha wewe, ungekuwa mbele na usukani, na mimi nyuma peke yangu. Madereva ni wengi. Wa kunishika mkono mpaka altareni ni wewe tu. Nilimwambia mama mdogo akueleze."

Cansilde akasema alinieleza Jumamosi iliyopita, ila nilikuwa nimeshatoka nje kuangalia magari.

Nimeingia. Nimekaa nyuma. Amenishika mkono mzima, ule wa kushoto. Vumbi la barabara ile ni baya sana, linaingia machoni hata madirisha yakiwa yamefungwa. Altareni nimefika nikiwa na kutu kwenye shati, na nilipomkabidhi kwa Bienfait, mume wake, padri alinirudishia swali mara mbili.

Bonaventure alikaa benchi la mwisho. Ameimba kuliko kwaya.

Jumapili, 18 Agosti

Cansilde ameusoma ule ujumbe, kwenye simu ya Bonaventure, kwa sauti, mbele ya shemeji zangu wawili. Hukumu: nitengeneze mlango wa kuku, kisha nikaombe msamaha.

Mlango nimeutengeneza kwa mkono mmoja. Kuku wamesimama mstari wakinitazama.

Kisha nimekwenda kwa Bonaventure. Njiani nilipanga maneno: hitilafu ya mtandao, simu iliyoandika yenyewe. Nilipofika nilimkuta amemvuta Karina kwa kamba hadi kwenye kivuli cha nyumba yake na amelala chini yake na spana. Jumapili! Nikayaacha yale maneno. Nikasema nilidanganya kwa sababu nilikuwa na wivu. Yamenitoka hivyo, wazi, sijui yalitoka wapi.

Ametokeza kichwa tu, uso mzima oili. Akasema hata yeye, kule kwao, aliwahi kuziba rejeta kwa gunia la mchele ili gari lipendeze kwa mkwe. Injini ilikufa na mkwe akamnyima binti. Baadaye Bonaventure akamwoa dada wa binti huyo. Tumecheka. Nimemshika mguu wa suruali, kwani mikono yake ilikuwa michafu na wangu ulikuwa na bandeji.

Jumatatu, 26 Agosti

Bonaventure amekwenda Nyamityobora, kwa yule mama Anne, akarudi na grili ya asili. Ameifunga kwa dakika kumi. Karina anatembea, hachemki, anafanana na Karina. Cansilde ameanza tena kuniwekea nyama kwenye sahani. Doriane na Bienfait walikuja jana kula, na Doriane alisema mbele ya wote kwamba baba mdogo amejifunza. Mzee Barnabé akaitikia amina.

Na kweli nimejifunza! Nimekaa juu ya jambo hili wiki nzima na nimeona kosa lilikuwa wapi. Kosa lilikuwa mbele. Mbele kuna rejeta, kuna upepo, kuna maswali. Gari halipendezeshwi kwa mbele.

Linapendezeshwa kwa juu. Kwenye dari hakuna rejeta. Hakuna kitu chochote, ni bati tupu. Dirisha la juu, la kioo, abiria waone nyota na hewa iingie. Katika video jamaa amekata kwa dakika sita.

Nimeshachora duara kwa chaki. Duara safi kabisa. Cansilde yuko jikoni anauliza nani amechukua kifuniko cha sufuria kubwa.