Simu ya Kukamulia Chelel

Jumatatu, Machi 10
Mteja! Mama Fancy, mjane wa mzee Jonah, amepita kibanda cha Aluoch bila kugeuza shingo akaja kwangu. Nilihakikisha Aluoch ameona. Kapsoit nzima inampenda huyo fundi wa simu kutoka ziwani. Sijui kwa nini.

Simu haiingizi chaji. Mama ana haraka. Ng'ombe wake, Chelel, alizoea kukamuliwa na marehemu huku akiimbiwa. Mzee alipofariki, Chelel alikataa kabisa kuachilia maziwa. Bahati nzuri binti yao Fancy alikuwa amerekodi ule wimbo. Sasa mama huning'iniza simu zizini, mzee anaimba, maziwa yanakuja.

Aluoch huanza kwa kuchungulia tundu la chaja. Mimi sitaki kufanana naye. Nikaipima simu kiganjani, nikaitegea sikio, nikatangaza kwa sauti ya kufika ng'ambo ya barabara: bodi imekufa. Mama akashika kifua. Nikamwambia kesho itaamka.

Jumanne, Machi 11
Nimeipasha bodi moto kwa bloa, ile mashine ya kupuliza hewa moto. Ikatoa harufu. Nikaongeza moto, maana harufu ni dalili kwamba kazi inaendelea. Kitu cheusi kimeyeyuka. Jina lake silijui.

Mama alikuja. Nikasema nasubiri kipuri kutoka Nairobi. Akasema Chelel ametoa nusu kikombe tu na kiwele kimevimba. Nimesikia vibaya sana.

Jumatano, Machi 12
Mpango mpya. Mzee Jonah nilimjua vizuri, tuliimba naye kwaya. Asubuhi nikaenda zizini, nikaomba koti lake, nikaimba. Chelel akageuka akanitazama kwa muda. Akapiga ndoo teke. Kisha mimi.

Mama hakucheka. Alikaa kwenye kigoda akalia. Akasema miezi hii yote alikuwa akisikia simu anasahau kidogo, lakini sauti yangu imemkumbusha kwamba mzee hayuko. Nilitaka kumwambia ukweli kuhusu bloa. Nikamwambia bodi za siku hizi ni ngumu.

Ijumaa, Machi 14
Mama amechukua simu yake akaipeleka kwa Aluoch. Nilitazama nikiwa nyuma ya pazia. Aluoch alichokoa tundu la chaja kwa kijiti, akatoa unga wa kulishia ng'ombe ulioganda. Basi. Huo ndio ulikuwa ugonjwa. Halafu akafungua simu, akaona bodi iliyoungua. Akavuka barabara.

"Hii simu ilikuwa nzima, Kipkemoi," akaniambia. "Ilitaka kusafishwa tu."

Wimbo umeungua pamoja na bodi. Hauwezi kutolewa. Nilitamani Aluoch anitukane, lakini aliondoka polepole. Nimefunga duka mapema. Nimemnyang'anya mama wa watu sauti ya mumewe.

Jumamosi, Machi 15
Mungu ni mwema! Fancy amefika kutoka Ndanai, na kwenye simu yake wimbo bado upo. Ndio pekee uliobaki duniani, anasema hakuwahi kuuhifadhi kwingine. Wameucheza hapa dukani. Mzee anakohoa, anaimba, anamwita Chelel kwa jina. Mama amecheka, mara ya kwanza wiki hii. Mimi nimefuta machozi kwa kitambaa cha kufutia skrini.

Fancy alitaka Aluoch ndiye auhamishe kwenye simu mpya aliyomletea mama. Nikawasihi waniachie nirekebishe kosa langu. Kazi ya dakika moja, tena bure. Mama akaniangalia.

"Sawa, Kipkemoi. Lakini usiifungue."

Nikaapa. Wakaenda sokoni mara moja kutafuta sukari.

Simu nzuri, inafanya kazi vizuri. Ila nilipoishika niliona ina joto kidogo. Simu yenye joto ina shida ya betri, na baada ya yote niliyomfanyia huyu mama, kumrudishia simu ya bintiye ikiwa na ugonjwa ni ukatili. Kuhamisha wimbo kunaweza kungoja. Nimeifungua kidogo tu, kuona ndani.

Nimeshaifunga tena. Skrini bado ni nyeusi, lakini hiyo ni kawaida, imechoka. Skrubu tatu zimebaki mezani. Inaonekana kiwandani huweka za ziada.