Mahari Isiyooza

TANGAZO. Umma unaarifiwa kwamba mapanga matatu ya mtambo wa upepo, yaliyochakaa, yamelala katika ua wa ofisi ya mradi wa maji, Homa Bay. Atakayeyaondoa atapewa Land Rover kuukuu ya ofisi, mradi yasionekane tena mikononi mwake kwa muda wa siku thelathini.

Zablon Wangwe wa Migori alilisoma tangazo hilo mara mbili, heshima ambayo hakuwahi kuipa hata hati ya mashtaka. Alikuwa ameishi miaka arobaini kwa ulimi na kunusurika kwa miguu. Soli za viatu vyake zilikuwa zimekwisha kwa kuwakimbia wateja, na Land Rover ingempa uzee wenye staha.

Mapanga yenyewe yalikuwa ya fiberglasi, kila moja mita tisa. Mafundi walijaribu kuyachoma, moshi ukawafukuza. Wakajaribu kuyazika, mwamba ukakataa. Suleman, mnunuzi wa vyuma vikuukuu, aliyagonga kwa kidole akaenda zake bila kuaga.

Aliyekuwa akibandika tangazo ni Caren, mpiga chapa wa ofisi, mwenyeji wa Asumbi. Zablon alimtazama yeye, akayatazama mapanga, na posa ikazaliwa.

"Dada, umeolewa?"

"Bado. Baba anangoja mtu wa maana."

"Amekwisha kungoja."

Caren alimwangalia viatu. "Basi nenda mkaongee," akasema, akarudi kwenye mashine yake.

Alhamisi lori la kukodi liliingia kwa Mzee Nyangweso, babake Caren, likiwa limebeba mapanga matatu. Mzee alilizunguka polepole.

"Ng'ombe wako wapi?"

"Jaduong', mzee wangu, ng'ombe huugua. Hiki hakiugui. Hakiozi, hakiungui, na hakuna mwizi wa mifugo atakayekiswaga kuvuka mpaka wa Tanzania."

"Na kinafanya nini?"

"Kinangoja bei. Haya ni mabawa ya ndege. Kampuni ikija kuyatafuta, kila moja utaliuza kwa mafahali thelathini."

Mzee, aliyekwisha kuwafukuza wachumba watatu kwa sababu ya ng'ombe waliokonda, alilipiga bawa konzi. Halikuwa limekonda. Akatia kidole gumba kwenye stakabadhi ya mahari ambayo Zablon alikuja nayo.

Ijumaa Zablon alikabidhiwa funguo. Kwa siku ishirini na nane aliendesha kati ya Migori na Rodi Kopany, kiwiko dirishani, akiwasalimu kwa honi watu aliokuwa akiwakimbia. Kwa siku hizo hizo Mzee Nyangweso alikaa uani akitazama juu.

Siku ya ishirini na tisa Zablon alirudi akakuta mapanga yamelala mbele ya chumba chake cha kupanga, mlango haufunguki. Caren alikuwa ameketi juu ya moja, na jirani ameshaanika dagaa wa omena kwenye jingine.

"Nimekataa posa," Caren akasema. "Na kwetu posa ikikataliwa, mahari hurudi yote, pamoja na ndama waliozaliwa. Haya hayakuzaa."

"Mimi sijapokea kitu."

"Yako mlangoni pako mbele ya wazee kumi na wawili. Mama Bosibori mwenye nyumba aliwapikia kuku kwa jina lako, wakala, wakashukuru, wakaondoka."

"Kwa hiyo ulijua tangu mwanzo."

"Tangazo nililipiga chapa mimi, Bwana Wangwe. Zile siku thelathini niliziongeza mimi. Hiyo Land Rover ndiyo hunifikisha nyumbani kila Ijumaa." Akanyoosha kiganja. "Na leo ni Ijumaa."

Zablon akampa funguo.

Kamati ya mradi ilikutana Homa Bay wiki iliyofuata na kuamua hivi: kwa kuwa mapanga yameonekana mikononi mwa Bwana Wangwe, Land Rover ibaki mali ya ofisi, na kwa kuwa hayamo tena uani, mapanga yahesabiwe kuwa yameondolewa kikamilifu, na suala la kuyatupa lisijadiliwe tena hadi yatakapowasili mapya tisa.